Kazi Isiyo na Jina

Boda ilipomshusha Balangdalalu, Yona alikuwa ameshamhukumu Kornelia. Kesi ilianza basi lilipotoka stendi ya Mbulu, mashahidi wakasikilizwa njia nzima, na aliposhuka Katesh kubadili usafiri hukumu ilikuwa tayari. Kilichobaki ni mshtakiwa kusomewa. Ndivyo wivu ulivyo. Una mahakama yake, na kwenye mahakama hiyo wakili wa utetezi haruhusiwi hata kukanyaga baraza.

"Nikusubiri, kaka?" dereva wa boda aliuliza.

"Subiri. Sichelewi."

"Hata wale wanaokuja kuchumbia husema hawachelewi," dereva alisema, akatoa simu yake na kujiegemeza kwenye pikipiki.

Yona hakucheka. Upepo ulikuwa unateremka kutoka Mlima Hanang, umebeba vumbi na harufu ya zizi. Nyumba ya kina Kornelia ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati jipya, na zizi kubwa la miiba upande wa kushoto. Alikuwa hajawahi kufika. Aliijua kwa picha za simu tu, na kwa masimulizi ya Kornelia siku zile ambazo Kornelia alikuwa bado anamsimulia mambo.

Chini ya ukuta alikuwa ameketi mama mmoja, miguu ameinyoosha, anatia shanga kwenye sketi ya ngozi. Yona akaikodolea macho. Alizaliwa na kukulia Mbulu japo wazazi wake ni watumishi waliohamia kutoka Kilimanjaro, na sketi ile aliijua. Huvaliwa na mwanamke wa Kibarabaig anayeolewa. Mama hakai juani kumtilia binti yake shanga kwa kujifurahisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Naitwa Yona. Natokea Mbulu. Nasoma na Kornelia chuoni."

Mama akashtuka. Akaikunja sketi haraka haraka, akaifunika kwa kanga. Kisha akainamisha macho na hakumtazama tena. Aliita ndani kwa lugha yao, akamletea mgeni kiti akiwa amegeuza uso pembeni, kama mtu anayekwepa moshi wa jikoni, akarudi kukaa palepale ukutani na kumpa mgongo.

Wananificha, Yona akajiambia. Mama anajua, nyumba nzima inajua. Mjinga peke yangu.

Kornelia alitoka akiwa amejifunga kitenge, nywele amezisuka upya. Alipomwona alitabasamu kabla hajajizuia, na tabasamu lile lilimwingia Yona mpaka ndani ya mifupa. Lilimkasirisha zaidi. Mtu anayekuibia hana haki ya kuwa mzuri namna ile.

"Wewe!" Kornelia alisema. "Umekuja bila hata meseji? Baba anaendeleaje? Ametoka hospitali?"

"Ametoka. Anatembea."

"Ashukuriwe Mungu. Nilikuwa namwombea kila siku."

"Umesema 'wewe'," Yona alisema.

"Eeh?"

"Umeniita wewe. Mimi sina jina?"

Tabasamu likazimika. Kornelia alivuta kigoda akaketi, si karibu wala si mbali, na kuanza kuchezea upindo wa kitenge chake.

Hapo sharti turudi nyuma kidogo, maana kesi hii ilianzia darasani.

Mwaka wa tatu walikuwa na somo moja lililowatoa watu jasho, linalohusu kompyuta kule chini kabisa, chini ya picha na muziki na mambo ya kupendeza. Walijifunza jinsi mashine inavyotunza vitu kwenye kumbukumbu yake, kila kitu na anwani yake, jinsi programu inavyoomba kipande cha nafasi, ikakitumia, na kutakiwa kukirudisha. Isiporudisha, nafasi huvuja kidogo kidogo mpaka mashine inakosa hewa. Dokta Rogathe, mwalimu wao, mwanamke mwembamba asiyejua kutabasamu siku za kazi, aliwagawa wawili wawili na kuwapa mradi wa kuandika, kwa mikono yao, programu ya kugawa kumbukumbu na kuipokea ikirudi.

"Na kila fankisheni, kila kipande cha programu, ianze na jina la aliyeiandika," alisema. "Jina unaloitwa humu darasani. Nikikuta kazi haina jina, haina alama."

Darasa lilikuwa na Yona wawili. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza huyu wetu aliitwa kwa jina la baba yake, Theodory. Walimu walimwita hivyo, wenzake walimwita hivyo, na Kornelia ndiye aliyelitamka vizuri kuliko wote. Alikuwa akilivuta mwishoni, Theodoryyy, kutoka upande wa pili wa maabara, na Yona akageuka hata kama alikuwa katikati ya kosa lililomkosesha usingizi. Yeye aliandika sehemu ya kugawa, Kornelia akaandika sehemu ya kupokea. Walipendana hapo, juu ya visanduku vya kumbukumbu walivyochora kwenye karatasi, na kila mtu darasani alijua.

Halafu siku moja ya Januari, wakinywa chai kantini, Yona akamwambia: "Nimeongea na mzee. Amesema wewe ni mtoto wake. Tukimaliza mitihani atatuma wazee nyumbani kwenu." Kornelia alilia kwa furaha, chai ikapoa. Yona alidhani ndio mwanzo wa raha.

Kesho yake ikaanza "wewe". Wewe njoo, wewe umekula, wewe angalia mstari huu. Jina likakatika kama maji ya bomba. Kwenye simu ya Kornelia pia likatoweka. Siku moja Yona alimpigia wakiwa wamekaa jirani, akaona kwenye kioo nyota tupu, bila hata herufi moja. Mama yake Yona, nesi Evelyne, alipoambiwa alisonya.

"Mwanangu, dalili ya mvua ni mawingu. Watu wale wa ng'ombe, binti huchumbiwa angali mgongoni. Wewe unapotezewa muda tu. Mwenye ng'ombe wake yupo, anasubiri amalize chuo."

"Mama, Kornelia si wa hivyo."

"Basi muulize kwa nini hakuiti."

Hakumuuliza. Aliogopa jibu. Kisha baba akaugua, Yona akaomba ruhusa na kwenda Mbulu, na Kornelia akabaki kuutetea mradi peke yake mbele ya darasa. Jioni ile Alex, waliyekuwa wakikaa naye chumba kimoja, akampigia simu.

"Ndugu yangu, mbona jina lako limefutwa?"

"Limefutwa wapi?"

"Kwenye mradi. Sehemu ya Kornelia ina majina yake. Ya kugawa imebaki namba tupu, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Dokta akamuuliza hizi ni za nani. Akasema za mwenzangu. Akaulizwa, mwenzako nani? Kimya. Akaulizwa tena. Kimya mpaka darasa likaanza kuguna. Theodory, huyo dada hakukutaja."

Matokeo ya Yona yakazuiwa. Usiku hakulala, na asubuhi alifanya jambo moja ambalo tutalifikia. Siku chache baadaye alipanda basi.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha ugeni, anamtazama Kornelia akichezea kitenge.

"Nimekuja kuuliza mambo mawili," alisema. "La kwanza, ni nani huyo?"

"Nani?"

"Anayekuoa. Sketi nimeiona. Mama amejaribu kuificha, lakini nimeiona."

Kornelia aligeuka kumtazama mama yake, akarudisha macho. Akatabasamu kwa aibu, mashavu yakamjaa. "Sketi hiyo ulikuwa hutakiwi kuiona mapema."

"Kwa hiyo ni kweli!"

"Ni kweli nini? Mbona umekuja na hasira hivi?"

"La pili," Yona alisema, "kazi yangu. Wiki ngapi nimekaa na ile sehemu ya kugawa? Ulikuwepo. Uliniona nikitafuta anwani moja iliyokosewa mpaka macho yakawa mekundu. Halafu unakwenda mbele ya watu unafuta jina langu, la kwako unaliacha. Kwa nini?"

"Nilisema ni ya mwenzangu."

"Mwenzako nani? Hata dawati ni mwenzako! Uliulizwa, ukanyamaza. Mimi nimekaa na baba yangu ana dripu mkononi, wewe unanifuta!"

"Sikukufuta." Macho ya Kornelia yalianza kulengwalengwa na machozi. "Sikiliza basi. Ile sehemu yako ilikuwa inavuja. Siku moja kabla ya presentesheni niliijaribu, programu ikawa inakula kumbukumbu mpaka inakufa. Kuna mahali ulichukua nafasi, ukapata hitilafu, ukatoka bila kuirudisha. Nimeitafuta siku nzima, nikairekebisha. Sikuandika jina langu pale. Mwizi gani anakarabati anachoiba, halafu anakiacha bila jina lake?"

Yona alitikisika kidogo. Jambo lile hakuwa na habari nalo. Lakini mtu aliyesafiri na hasira kutoka Mbulu haziachi njiani kirahisi, akazikamata tena.

"Maneno matamu unayaweza. Mimi nataka jambo dogo tu. Nitaje."

"Niku... nini?"

"Nitaje jina. Hapa, mbele yangu. Sema, sehemu ya kugawa ni kazi ya Theodory. Sema, mimi nitainuka nikuombe radhi na nitaondoka."

Kornelia alifungua mdomo, akaufunga.

"Yona peke yake? Hulisemi pia?"

Kornelia akatikisa kichwa.

"Unaona? Ulimi umekauka! Miaka mitatu ulikuwa unaniita mpaka watu wa bwenini wanacheka, leo jina langu limekuwa mwiba? Nani amekukataza? Huyo mwenye ng'ombe? Sema, Kornelia! Theodory! Ni jina tu!"

"Usinilazimishe," Kornelia alisema kwa sauti ndogo, machozi yakashuka. "Nakuomba. Chochote kingine."

"Theodory!"

Mama aliinuka pale ukutani. Alisimama kwa ubavu, bado hamtazami Yona, na Kiswahili chake kikaja taratibu, neno moja moja.

"Kijana. Unamtaka mtoto wangu atukane?"

"Atukane? Mama, samahani, mimi nataka atamke jina langu tu."

"Hilo ni lako?"

"Ni... ni la baba yangu, mama. Ndilo ninaloitwa chuoni."

"Ni la baba yako," mama alisema. "Wewe ulimwambia mtoto wangu, baba amemkubali. Alikuja likizo akaniambia, mama, nimepata baba mkwe. Sisi, mwanamke baba mkwe hamtaji. Mimi nimezeeka, la baba mkwe wangu halijapita hapa." Akagusa midomo yake. "Na neno lenye sauti kama hilo tunaliacha, tunatafuta lingine. Mtoto wangu ameanza adabu mapema, mahari bado. Nikamwambia, ngoja wazee waje. Akasema, mama, mimi nimeshaingia nyumba ile."

Upepo ulipita zizini. Ng'ombe mmoja akalia, na Yona akajikuta amesimama bila kujua alisimama saa ngapi.

"Na sketi?" aliuliza.

"Sketi ni ya kuja kwako," mama alisema. "Nani mwingine?"

Mama akarudi kukaa. Yona akamgeukia Kornelia, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke Katesh alimwona Kornelia mwenyewe, hakumwona yule mshtakiwa aliyemtengeneza ndani ya basi.

"Ndiyo maana ya nyota kwenye simu?"

Kornelia alifuta machozi kwa kiganja. "Simu ikiita, Loveness ninayekaa naye chumba kimoja anauliza, nani huyo? Ningemjibu nini? Nikaona niweke nyota."

"Na mradi?"

"Kuandika si kosa. Lakini kwenye presentesheni unasoma kila fankisheni kwa sauti. Fankisheni zako zote zinaanza na jina la mzee. Ningesimama mbele ya watu namtaja baba yako kama naita mbuzi, naye amelazwa? Nikaweka namba. Nilijua ukirudi utaingia kwa Dokta useme ni zako, yaishe."

"Ungeweza kuniita Yona. Ungeandika Yona."

"Bibi yangu alikufa hajamtaja babu. Nikaona aibu kuanza vibaya." Akacheka kidogo katikati ya machozi. "Nilidhani unajua. Umezaliwa Mbulu, unajua sketi, unajua kila kitu. Nilikuwa nasema moyoni, ananisikia ninavyomheshimu. Kumbe ulikuwa unasikia matusi."

Yona alipiga magoti pale pale vumbini, hakujali suruali wala dereva wa boda aliyekuwa ameacha simu yake na kutega masikio. Alimshika Kornelia mikono. Mikono ilikuwa ya baridi, lakini haikukataa. Alitamani saa ile isimame. Alikuwa anapendwa kuliko alivyowahi kuota, na mapenzi yale alikuwa ameyaita wizi.

"Nisamehe. Kornelia, nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Nimeshasamehe. Wivu wa mtu anayekupenda unavumilika." Alivuta pumzi. "Ila nina shida nyingine kubwa, na nilikuwa nasubiri utulie nikwambie. Kuna mtu amenishtaki."

Yona akakwepa macho yake.

"Nimepata barua pepe kutoka kwa Dokta. Mtu ameandika kwamba nimeiba kazi ya mwenzangu. Kamati ya mitihani inakaa Jumatatu. Wanaweza kunifukuza chuo, unaelewa? Ukoo wetu mzima hakuna msichana aliyefika nilipofika. Nimewaza sana ni nani. Nadhani ni Alex. Alikuwa ananiangalia vibaya siku ile. Wewe unamjua, ni Alex, eti?"

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na Alex hakuwepo kujitetea. Yona aliliona neno lile limekaa kwenye ncha ya ulimi wake, tayari. Kisha akamwona mama pale ukutani, ameitoa sketi chini ya kanga na kuanza tena kutia shanga, maana sasa hakuna cha kuficha.

"Si Alex," alisema.

"Sasa ni nani?"

"Ni mimi."

Kornelia hakuelewa mara moja. Alibaki anamtazama, nusu ya tabasamu ikiwa bado mdomoni.

"Asubuhi baada ya simu ya Alex," Yona aliendelea, maneno yakigongana. "Nilikuwa sijalala. Nilikuwa na hasira. Nikamwandikia Dokta. Nikasema umeiba."

"Uliandika neno hilo? Kuiba?"

"Ndiyo."

"Kabla hujaniuliza."

"Ndiyo."

Kornelia aliitoa mikono yake mmoja mmoja. Mama aliuliza kitu kwa lugha yao. Kornelia akamjibu kwa sentensi fupi, na Yona hakuelewa hata neno moja, ila aliona sindano ya mama inasimama. Baada ya hapo mama hakushona tena. Aliikunja sketi polepole, akainuka nayo hadi mlangoni, akasimama hapo ameipakata.

"Boda inakusubiri," Kornelia alisema. "Twende nikusindikize."

Mgeni husindikizwa, hata akiwa amekubomolea nyumba. Walitembea uani wakiwa mbalimbali kiasi cha ng'ombe kupita katikati yao.

"Nitamwandikia Dokta leo hii hii," Yona alisema. "Nitafuta kila kitu."

"Barua pepe yake imesema. Shtaka likishafika kamati, mshtaki halifuti. Linajibiwa."

"Basi nitakuja Jumatatu nikutetee."

"Sina haja." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Yona. "Unajua nilichokuwa nimeamua? Nilimwambia mama, watanipeleka mbele ya kamati, wataniuliza swali lile lile, hizi fankisheni ni za nani? Nami nitanyamaza. Wanifukuze, nirudi nichunge ng'ombe, lakini jina la mzee yule halitoki kinywani mwangu mbele ya watu. Mama alilia. Akasema, basi, ndiyo ndoa."

"Kornelia, tafadhali..."

"Sasa sina sababu ya kunyamaza. Wakiniuliza nitawajibu."

Yona alielewa kinachokuja. Alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kuziba mdomo wa mwenzake, lakini hakuthubutu kumgusa.

"Nitawaambia ni kazi ya Theodory," Kornelia alisema.

Mama pale mlangoni alijiziba mdomo kwa kiganja. Dereva wa boda, mtoto wa hapo hapo, akashusha macho chini. Kornelia mwenyewe akasubiri kidogo kama anayetaka kujua kama ardhi itamshikilia. Ilimshikilia. Akajifunga kitenge vizuri, akamtazama Yona moja kwa moja usoni, na safari hii jina likatoka wazi, kavu, halikuvutwa mwishoni.

"Nenda salama, Theodory."

"Naam," Yona akaitika, kwa mazoea ya darasani, kabla hajatambua alichoitikia.